Mwangwi wa Sakristia

Wasomaji watatu wameniandikia wakitaka Verediana apewe panga. Mmoja wa Katesh ametumia wino mwekundu. Tulieni kwanza. Nilipowaacha wiki iliyopita, Mwalimu Joakimu wa kwaya alikuwa ameketi kwenye kigoda nyumbani kwa akina Verediana, kofia magotini, na alikuwa ametoka kusema neno lililonifanya hata mimi mwandishi niweke kalamu chini.

"Jumamosi utaimba," alisema. "Ila utaimba ukiwa sakristia. Mlango tutauacha wazi kidogo. Sauti itatoka, wewe hutatoka."

Kwa aliyekosa gazeti: Verediana Sulle, miaka ishirini na miwili, ndiye nguzo ya sauti ya pili katika kwaya ya parokia ya Dagharo, kwaya ya watu themanini na wanne ukimhesabu na yeye. Katika kwaya kubwa namna ile si wote wanaojua nota. Wengi wamekuja na masikio tu. Basi mwalimu hupanga mmoja anayejua katikati ya mstari, na wa kushoto na wa kulia wanamtegea sikio. Huyo ndiye nguzo. Mwondoe, na mstari mzima utahamia sauti ya kwanza kama mbuzi waliofunguliwa.

Na walikuwa wamemwondoa. Kwaresima, mimba ilipoonekana, Mzee Gervasi, katekista na mwenyekiti wa kwaya, alimsimamisha mbele ya wenzake, akaisoma kanuni ya tisa, ile ya mwanakwaya anayepata mimba nje ya ndoa, kisha akamvua joho kwa mikono yake mwenyewe. Joho namba thelathini na saba. Kitambaa cha majoho yale kilipatikana kwa ngano ambayo wanakwaya waliokota misimu miwili nyuma ya kombaini za shamba la serikali, migongo imepinda, makapi machoni. Verediana aliokota kuliko wengi. Gervasi hakuokota hata suke moja.

Na aliyempa mimba? Patriki Margwe, dereva wa kombaini, sauti ya nne, mwimbaji wa pekee wa ubeti wa tatu. Yeye joho lake liliendelea kupigwa pasi kila Jumamosi. Alikuwa amemwambia Verediana, "Nyamaza mpaka mavuno yaishe, nitaleta wazee kwenu." Akanyamaza. Hapo ndipo mlipoanza kuniandikia.

Sasa turudi kwenye kigoda.

"Mwalimu," Verediana alisema, "shikamoo nimeshakupa, kwa hiyo niruhusu nikuulize. Mimi naumwa ugonjwa gani hata nifichwe?"

"Siyo mimi, binti yangu. Ni kamati."

"Na kamati imejua lini kwamba sauti ya pili haisimami bila mimi?"

Mwalimu aliitazama kofia yake. "Wiki ya tatu sasa. Tukifika kwenye kiitikio tu, Tekla anapanda juu, na wenzake wote wanamfuata. Na watu wa redio wanakuja kuturekodi. Parokia nane zitarekodiwa, tatu tu ndizo zitasikika Jumapili asubuhi nchi nzima."

"Basi nipeni joho langu nisimame nafasi yangu. Mstari wa pili, wa saba kutoka kulia."

"Mzee Gervasi hataki."

"Basi na mimi sitaki."

Mama yake, Efrazia, alikuwa amewapa mgongo akichochea moto. Moto ule ulikuwa na kisa chake. Tangu Kwaresima hakuna jirani aliyekuja kuchukua kaa la moto kwake, wala aliyekubali kumpa lake. Wazee wa mila walisema nyumba yenye binti wa namna hiyo haipewi moto na haichukuliwi moto mpaka itakaswe. Na kanisa, ambalo miaka yote lilikuwa likiwakemea wazee hao kwa ushirikina, safari hii lilikubaliana nao bila hata kikao. Nasema hivi na sitafuta: watu wakitaka kumwonea mwanamke, dini na mila hupatana haraka sana.

"Imba, binti yangu," Efrazia alisema bila kugeuka. "Mwalimu ameahidi ukiimba, Krismasi watakurudisha. Mimi nimechoka kukaa na moto wangu peke yangu."

Verediana alikuwa na majibu ya kumtosha Mwalimu, Gervasi na kamati nzima. Mama yake alimsogelea tu, akamwongezea kuni motoni.

"Nitaimba," alisema. "Kawaambie naimba kwa ajili ya moto wa mama. Siyo kwa ajili yao."

Jumamosi alifika kanisani kabla ya wote. Gervasi alimfungulia mlango wa nyuma. Verediana alimwamkia shikamoo. Hakuitika. Huku kwetu mtu akiiacha shikamoo yako hewani, amekupiga kofi.

"Usikohoe," ndilo neno pekee alilosema, akaenda zake.

Saa tatu lori la shamba la ngano likawamwaga wanakwaya kutoka vijijini, majoho ya zambarau yamefungwa kwenye vitenge yasishike vumbi. Nyuma yake likaja gari la redio. Fundi wa redio alikuwa kijana wa pwani aliyevaa makoti mawili kwa baridi ya Hanang. Alitundika mablanketi madirishani, akafukuza kuku, akaomba jogoo wa Padri afungwe mbali. Padri mwenyewe alikuwa vigangoni tangu Alhamisi, na asipokuwepo Padri, Dagharo ni mali ya Gervasi.

Ndani ya sakristia, chumba anachovalia Padri, mlikuwa na kabati la mavazi, meza, stuli moja, na ufa wa mlango uliozuiwa kwa tofali. Kupitia ufa ule Verediana aliona mkono wa Mwalimu Joakimu tu. Mkono ukapanda. Kwaya ikaanza.

Nina hasira nao, lakini ukweli niuseme: waliimba vizuri. Tekla alipoisikia sauti ya Verediana ikitoka ukutani alinyooka, akashika, na mstari mzima ukashika naye. Wapo waliofumba macho kwa raha. Walijua inatoka wapi, kila mmoja wao alijua, na walifumba macho.

Fundi akavua visikizio. "Nzuri sana. Lakini kuna mama mmoja wa sauti ya pili yuko mbali mno, na ndiye anayewabeba wote. Asogee mbele."

Watu themanini na watatu wakatazama sakafu.

"Ni mwangwi, bwana," Mzee Gervasi alisema. "Kanisa letu lina mwangwi."

"Mzee wangu, mwangwi hurudisha kilichokwisha imbwa. Huu unaimba kitu ambacho wenzake bado wanakitafuta."

Mtu mmoja wa sauti ya tatu alicheka, akajifanya anakohoa. Fundi akatazama saa yake.

"Haya, hiyo ilikuwa ya kupima. Kanyweni maji. Tukirudi ni utepe wenyewe, na nina nafasi mbili tu. Saa saba natakiwa parokia nyingine."

Verediana alisikia kila neno. Mwangwi. Ameimba kwaya ile tangu yuko darasa la tano. Amefundisha nusu ya mstari wake kwa kidole, nota moja moja, jioni baada ya kupalilia. Leo ni mwangwi. Akavuta stuli kwa hasira akaketi mezani, na kiwiko chake kikaangukia daftari lililokuwa wazi.

Lilikuwa daftari la matangazo. Ukurasa wa kesho. Mwandiko wa Gervasi, safi, umepigiwa mstari kwa rula: wanaotarajia kufunga ndoa, tangazo la kwanza, Patriki Margwe wa Endasak na Fabiola Gervasi wa hapa parokiani.

Akasoma tena.

Parokia ile ina stoo, ina jiko, ina banda la kuni. Katika vyumba vyote walivyonavyo, wakamficha kwenye chumba chenye daftari hilo. Ndiyo hasara ya kumwona mwenzako si mtu. Unasahau kwamba anajua kusoma.

Mlango wa nyuma ukagongwa polepole. Patriki akaingiza kichwa, kikombe cha maji mkononi.

"Vere. Nimekuletea maji."

"Weka hapo. Mavuno yanaisha lini?"

"Wiki tatu, labda nne. Kombaini moja imekufa."

"Na wazee wako watafika kwetu siku gani?"

"Si nimeshakwambia, baada ya..."

Verediana aliligeuza daftari likamtazama. Patriki akasoma. Midomo ilisogea na hakuna sauti iliyotoka, na hiyo ndiyo sauti ya nne inayosifiwa mpaka Mbulu mjini.

"Nimebanwa, Vere," alisema mwishowe. "Hujui nilivyobanwa."

"Mimi nimebanwa na kabati la Padri. Wewe umebanwa na nani?"

"Kaka yake Mzee Gervasi ndiye msimamizi wetu shambani. Nikimkataa binti yao, kesho niko Endasak napalilia mahindi."

"Kapalilie. Baba yangu alipalilia mpaka anakufa, na hakumdanganya mtu."

"Imba leo tu. Usiniharibie mbele ya watu. Tutaongea."

"Baada ya mavuno?"

"Ndiyo," Patriki alisema, na uso ukamng'aa. "Baada ya mavuno."

Akatoka amepata nafuu. Wapo wanaume, wasomaji wangu, ukiwazaba kofi wanadhani umewapungia mkono.

Wanakwaya wakajipanga tena. Fundi akawasha mtambo. Mkono wa Mwalimu ukapanda.

Verediana alifunga mdomo.

Ubeti wa kwanza ulipita, maana walikuwa bado na sauti yake masikioni. Kwenye kiitikio Tekla akapanda juu. Aliyekuwa kushoto kwake akamfuata, na wa kulia naye, mpaka sauti ya pili yote ikawa inapiga kelele juu ya vichwa vya sauti ya kwanza. Patriki akasogea mbele kuimba peke yake ubeti wa tatu, ule wa Bwana anayewainua wanyonge, akaukwaruza kama mtu anayesukuma kabati.

Fundi akainua mkono, akazima.

"Mwangwi umekwenda wapi?" aliuliza.

Gervasi alimpa mgongo. Aliingia sakristia mbio na kuufunga mlango nyuma yake.

"Imba."

"Shikamoo, Mzee."

"Nimesema imba. Unataka kuiaibisha parokia nzima?"

"Itikia kwanza. Leo ni mara ya pili nakuamkia."

"Mwanamke kama wewe hana shikamoo kwangu. Na usipoimba, huyo mtoto hatabatizwa hapa. Majina ya ubatizo naandika mimi."

Verediana alisimama. Stuli ikaanguka.

"Ulinivua joho, nikavumilia. Mama yangu ananyimwa moto, nimevumilia. Sasa umemfikia ambaye hata hajazaliwa. Huyu amevunja kanuni namba ngapi, Mzee? Nisomee."

Hakupiga kelele. Aliongea kwa sauti ile anayoimbia, kutoka chini ya mbavu, na sauti ile haizuiliwi na mlango wa mbao. Kanisani walisikia mpaka benchi la mwisho.

Mlango ukafunguliwa. Fundi wa redio alisimama pale, visikizio shingoni. Akamtazama Verediana, akalitazama tumbo, akamtazama mzee.

"Kumbe ndiye huyu mwangwi?"

"Huyu ametengwa na kwaya kwa mujibu wa kanuni," Gervasi alisema. "Hana joho."

"Mzee wangu, redio haina macho. Nina utepe wa mara moja tu. Dada huyu atasimama na wenzake, au nakunja nyaya zangu na kuandika kwamba Dagharo hawakuwa tayari."

Gervasi alikwisha waambia ndugu zake wote, mpaka wa Maretadu, wanunue betri za redio. Alimeza mate. Kisha akasogea pembeni, na Verediana akapita mbele yake bila kumgusa.

Alitoka na kanga yake na sweta lililotoboka kiwikoni, akaingia katikati ya majoho ya zambarau. Hakuna aliyemsalimu. Tekla, ambaye Verediana ndiye aliyemfundisha nota kwa kidole, aligeukia ukutani. Verediana alifika mstari wa pili, wa saba kutoka kulia, akakuta pamejaa. Alikuwa amesimama Fabiola, binti wa Gervasi. Na joho alilovaa Fabiola lilikuwa namba thelathini na saba. Verediana alikitambua kiraka cha kwapani alichokishona mwenyewe.

"Hilo ni langu," alisema.

"Baba ndiye aliyenipa," Fabiola alijibu bila kumtazama. "Langu lilikuwa linanibana."

"Sogeeni, simameni pamoja," Mwalimu Joakimu alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka siku iishe.

"Kabla ya wimbo," fundi akasema, "nataka majina. Waongozaji wa sauti zote nne, mmoja mmoja mbele ya kipaza sauti. Jina na sauti, basi. Dada wa sweta, wewe utakuwa wa mwisho, upate kupumua. Nimeshawasha."

Utepe ukaanza kuzunguka. Philomena wa sauti ya kwanza alisema lake. Bura wa sauti ya tatu akasema lake. Kisha, "Patriki Margwe, sauti ya nne," na akarudi nyuma haraka.

Verediana akasogea. Patriki alimtikisia kichwa kidogo, hapana, usithubutu. Pengine asingetikisa, mambo yangekwenda vingine. Lakini alitikisa, kama mtu anayemkataza mbwa wake.

"Verediana Sulle," alisema, "sauti ya pili. Nilitolewa kwaya Kwaresima kwa sababu ya mimba. Baba wa mtoto ni huyu aliyetaja jina kabla yangu, Patriki Margwe, sauti ya nne. Joho lake hakuvuliwa. Kesho anatangazwa ndoa na Fabiola Gervasi. Nimemaliza, mnaweza kuimba."

Jogoo wa Padri aliwika huko mbali alikofungwa.

"Uongo," Gervasi alisema. "Kijana, mwambie ni uongo."

Patriki alikuwa anautazama mtambo unaozunguka. Fabiola ndiye aliyetoka kwenye mstari. Aliteremka hatua mbili akasimama mbele ya yule mwanamume, uso umemkauka.

"Ni kweli, Patriki?"

"Fabiola, siyo hapa. Tutaongea."

"Lini?"

"Baada ya mavuno," Verediana akamjibia.

Fabiola akageuka kumtazama. Miezi mitatu alikuwa amevaa joho la mwenzake na kumpita njiani kama anayepita mti, kwa sababu aliambiwa huyu ni mchafu na yeye ni mchumba. Sasa wanawake wale wawili walitazamana, na sidhani kama palihitajika maneno.

Alianza kufungua vifungo. Cha juu, cha pili, cha tatu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo. Majoho ya kwaya yameshonwa mapana, yanafunika mengi. Chini yake Fabiola alikuwa na gauni la kawaida. Tumbo lake halikuwa limefika la Verediana, lakini lilikuwa tumbo, na katika kanisa lile hapakuwa na mwanamke ambaye hakulielewa.

"Uliniambia tuharakishe tangazo kabla halijaonekana," alimwambia Patriki. "Uliniambia ni mimi peke yangu. Na huyu wangu naye tutamwongelea baada ya mavuno?"

Mzee Gervasi hakwenda kwa binti yake. Nataka mlijue hilo. Alikwenda kwenye mtambo, mikono imetangulia, aung'oe ule utepe. Fundi akamshika kifundo cha mkono.

"Mzee wangu, hii ni mali ya serikali."

Gervasi akabaki pale, mkono umeshikwa, anahema. Na Verediana, aliyekuwa bado mbele ya kipaza sauti, akaongea kwa upole ambao uliniumiza mimi kuliko kelele.

"Kanuni ya tisa, Mzee. Siku yangu uliisoma bila hata kutazama karatasi."

Watu themanini wakamgeukia mzee mmoja.

Fabiola akalivua joho. Alilikunja mara nne, kama kamati ilivyowafundisha, namba ikae juu, akatembea katikati ya kanisa mpaka mbele ya baba yake, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Lipokee, Baba," alisema. "Watu wanasubiri."